Albamu ya pili ina haki yake

Wahakiki wa muziki wana mazoea ambayo mimi nayaona kuwa ni dhuluma. Msanii akitoa kazi yake ya pili, huisikiliza huku ile ya kwanza ingali ikivuma masikioni mwao, kisha wakaihukumu kabla ya kuisikia sawasawa. Yalimpata hayo Liz Phair, mwimbaji na mtunzi wa roki wa Chicago, nchini Marekani.

Mwaka wa 1993 Phair alitoa Exile in Guyville kupitia Matador, kampuni ndogo isiyofungamana na miamba ya biashara hiyo. Nyimbo zake 18 alizieleza kuwa jibu kwa albamu ya Rolling Stones ya 1972, Exile on Main St. Ujasiri ulioje, binti asiyejulikana kuwajibu wakongwe! Aliimba matamanio na machungu ya mwanamke bila kuyapaka asali, na wahakiki waliopiga kura katika gazeti la Village Voice wakaiteua kuwa albamu bora ya mwaka huo.

Whip-Smart ikafuata 1994. Wakati huo Matador ilikuwa imeshirikiana na kampuni kubwa ya Atlantic, na baadhi ya waliomshangilia jana wakanuna. Eti makali yamepungua, eti amejilainisha apendwe na wengi. Lakini baadhi ya nyimbo hizo, kama vile "Chopsticks" unaofungua albamu yenyewe, alikuwa amekwisha kuzirekodi 1991, yeye na gitaa lake tu, katika kanda alizoziita Girly-Sound. Yaani walilalamikia mabadiliko ilhali baadhi ya nyimbo zilitangulia hiyo albamu waliyoifanya kipimo!

Sidai kwamba Whip-Smart inaishinda ya kwanza. Mpango wake umelegea, na nyimbo zake kadhaa hukatika kabla hazijakomaa. Hata hivyo, "Supernova", wenye gitaa la kunguruma, una furaha isiyopatikana popote katika Guyville, na anayeutafutia huzuni ya mwaka uliopita hataisikia furaha hiyo.

Nawaandikia walimu kwa sababu kalamu nyekundu nayo ina mazoea haya. Mwanafunzi aliyetushangaza kwa insha ya muhula wa kwanza huletewa ya pili ikiwa na neno moja pembeni: "Umezorota." Mwanafunzi huyo ana haki ya kuuliza ni aya ipi iliyozorota, na mwalimu amwonyeshe kwa kidole.