Mbeleko Haina Aibu



Mwalimu mmoja kijana, ambaye tulifundisha pamoja Mwakiro, alijifungua mtoto wake wa kwanza, na baada ya wiki chache akaanza kudunduliza fedha. Nilidhani anaweka akiba ya dawa au ya mahitaji ya nyumbani. Kumbe alikuwa akitafuta fedha za kununulia kibebeo cha dukani, chenye mikanda minene na vifungo vya plastiki, alichokiona katika duka moja mjini Bujumbura. Mshahara wa mwalimu tunaujua sote. Nilipomwuliza kwa nini asitumie kitenge alichokuwa nacho, alinijibu kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mwalimu, na wanafunzi wakimwona amemfunga mtoto mgongoni kwa nguo, kama mama zao wanavyofanya waendapo shambani, watamdharau.

Jibu hilo lilinichoma, kwa kuwa niliijua shule iliyomfundisha aibu hiyo. Ilikuwa shule yetu, na somo lenyewe lilikuwa Kiswahili.

Katika kitabu kimoja cha kusoma tulichokuwa tukikitumia, sura ya familia ina picha ya mama anayesukuma kigari cha mtoto juu ya njia iliyosakafiwa. Mwakiro, iliyokuwa tarafa ya mkoa wa Muyinga kabla ya mipaka ya nchi kupangwa upya mwaka 2025, ni nchi ya vilima, migomba na mibuni. Mvua ikinyesha, hata baiskeli hubebwa begani. Hata hivyo tuliwafundisha watoto neno “kigari”, tukawaandikisha mara kumi, tukawasahihisha herufi zake. Nje ya dirisha mama zao walikuwa wakipita na wadogo zao mgongoni, wala hakuna aliyewaambia wanafunzi kwamba nguo ile nayo ina jina la Kiswahili, tena jina la kale. Mwanafunzi mmoja aliandika katika utungaji wake: “Mama anamheka mtoto kwa ngobyi.” Mwalimu wake akapiga mstari mwekundu chini ya maneno mawili, asiandike sahihisho lolote. Mwalimu huyo ni mimi.

Leo nakiri kwamba mstari ule ulikuwa ukasuku mtupu. Mtoto alikuwa amefanya kile tunachokiomba kila siku: ameeleza jambo analolijua, na palipokosekana neno ameazima kwao. Katika Kirundi, kubeba mtoto mgongoni ni “guheka”, na kibebeo chake ni “ingobyi”. Lililonipasa ni kumpa ndugu za maneno hayo: kueleka au kubeleka mtoto, na mbeleko. Pengine hata hilo halikuhitaji mwalimu. Darasani mlikuwamo watoto wa familia zilizorejea kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, ambao neno “mbeleko” wamelisikia tangu utotoni. Ningewauliza tu.

Na neno hili si la kupita. Katika ndoa za Waswahili wa pwani, miongoni mwa haki zilizotolewa na upande wa bwana arusi pamoja na mahari, kilikuwamo kilemba cha baba wa bibi arusi, na mama naye alipewa mkaja, yaani nguo ya kujifungia tumbo baada ya uzazi, na ubeleko, kwa ajili ya mgongo uliomlea binti. Watu wale walijua kwamba mgongo una deni. Siku hizi huko Tanzania wapenzi wa mpira wakiona mwamuzi ameipendelea timu, husema timu hiyo imebebwa kwa mbeleko. Ni mzaha mzuri, lakini inasikitisha kwamba baadhi ya wanafunzi wetu hukutana na neno hilo kwanza huko kwenye mpira.

Wapo watakaosema kwamba natetea ukale. Sivyo. Ingobyi ya zamani katika nchi hii ilikuwa ngozi, hasa ya kondoo, iliyolainishwa kwa mafuta. Zikaja nguo za biashara, amerikani, kanga na vitenge, na akina mama wakazitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Mbeleko haijawahi kuwa kitu kimoja kisichobadilika. Ni akili ya kuchukua nguo iliyopo na kuifanya ibebe uhai. Anayeona aibu anaionea aibu akili hiyo.

Sasa tutazame hicho kibebeo cha dukani kimetoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 muuguzi mmoja wa Marekani, Ann Moore, alikwenda Togo kama mfanyakazi wa kujitolea. Akawaona akina mama wa Togo wameeleka watoto wao mgongoni kwa nguo, na watoto wametulia. Aliporudi kwao na kupata mtoto, alijaribu kumfunga vivyo hivyo, nguo ikawa inateleza. Basi mama yake mzazi, Lucy Aukerman, akamshonea mfuko wenye mikanda. Mwaka 1969 ulipata hataza ya Marekani, ukauzwa sana kwa jina la Snugli. Simlaumu mama yule. Alisema wazi alikojifunza, na alitengeneza kwa mikono kilichomfaa. Lakini tazameni mzunguko wake! Maarifa yametoka mgongoni mwa mama wa Togo, yakavuka bahari, yakashonewa mikanda, na vitu vya namna ile vimerudi Bujumbura vikiwa na bei, na mwalimu wa Mwakiro anajinyima ili anunue jambo ambalo bibi yake alilijua bure. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hapa msala wenyewe umefumwa kwa ukili wetu.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya afya, na hii inastahili jibu la heshima. Husemwa kwamba mbeleko huwapa watoto matege. Matege ya watoto wadogo huweza kutokana na upungufu wa vitamini D na madini ya kujenga mifupa. Nguo haina hatia. Kuhusu nyonga, ushahidi unaelekea upande wa mbeleko. Madaktari wa mifupa wa hospitali moja ya Malawi walichapisha mwaka 2015 taarifa ya watoto zaidi ya 40,000 waliohudumiwa hapo kwa muda wa miaka kama 10, na hawakuona hata mtoto mchanga mmoja aliyeletwa kwa ugonjwa wa nyonga iliyokaa vibaya tangu kuzaliwa. Wenyewe walihusisha jambo hilo na desturi ya kueleka, kwa kuwa mtoto aliyekaa mgongoni hupanua mapaja na kukunja magoti, mkao unaoisaidia nyonga kutulia mahali pake. Pale watoto wanapofungwa miguu ikiwa imenyoshwa na kubanwa pamoja, ugonjwa huo huonekana zaidi.

Basi mbeleko ya fedha kidogo hufanywaje? Naandika kama nilivyofundishwa na akina mama wa kule, ambao walinicheka sana kwa kutojua. Kitenge cha yadi mbili, yaani karibu sentimeta 180, chatosha watu wengi; mwenye mwili mkubwa aongeze. Asiye na kitenge achukue shuka la pamba la zamani ambalo katikati yake hakujachakaa, alikate kwa urefu, upana ubaki kama sentimeta 90 au 100, kisha akunje upindo mara mbili na kuushona kwa mkono, mishono midogo ya kurudi nyuma. Nguo inayovutika kama fulana haifai, wala ile inayoteleza. Iinue juani: ukiona mwanga unapenya mahali pamoja kuliko pengine, hapo ndipo itakapochanika. Watu wazima wawili waivute kwa nguvu zao zote. Ifuliwe kwa sabuni kabla ya kutumika, na kila asubuhi itazamwe upya.

Kufunga kuna adabu yake. Mama huinama mpaka mgongo uwe kama meza, na mara za kwanza mtu mwingine humweka mtoto na kumshika. Nguo hupita juu ya mgongo wa mtoto, ukingo wa juu ufike mabegani kwake, wa chini uingie chini ya matako na kushika mapaja mpaka nyuma ya magoti. Ncha za juu hupita makwapani mwa mama na kufungwa kifuani; za chini hukazwa kiunoni. Mama husimama polepole, akirukaruka kidogo ili mtoto akae. Kichwa cha mtoto kigeuke upande, pua na mdomo viwe wazi.

Wala sitaficha hatari zake, maana utetezi usiosema kweli ni propaganda. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza asielekwe mgongoni, ambako mama hamwoni. Abebwe mbele, uso wake uonekane, kidevu kisigandamane na kifua, kwa kuwa mtoto mchanga akikunjamana hivyo huweza kukosa hewa kimyakimya. Mwenye mtoto mgongoni asiiname juu ya moto wala sufuria inayochemka. Jikoni penye moshi mzito mtoto ashushwe na apelekwe nje.

Najua liko kundi la wenzetu litakalouliza: haya yote yanahusu nini somo la lugha? Nami nawauliza: lugha mnaifundishia wapi? Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 tumesikia hotuba nyingi juu ya Kiswahili kuwa daraja la biashara na undugu. Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani, tunapanga viti, tunaimba, tunasifu. Lakini hebu mwambieni mwanafunzi wa mwaka wa tatu aeleze kwa Kiswahili jinsi ya kukunja nguo, kukaza fundo, kuinama, kuelemea upande, kushusha mtoto bila kumwamsha. Atanyamaza, ingawa kila jioni anambeba mdogo wake. Aya mbili nilizoandika hapo juu juu ya nguo na fundo zina vitenzi vya kufundishia wiki nzima: hali ya kutendwa, kutendeka, kutendesha, vyote vimo, na kifaa cha kufundishia kimo katika kila nyumba.

Mwenzangu yule hatimaye hakununua kibebeo. Sidai kwamba nilimshawishi, fedha hazikutosha. Alifika shuleni siku moja mtoto akiwa mgongoni, katika kitenge cha kijani, akaandika tarehe ubaoni na kuanza somo. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja wa dawati la mbele alinyosha mkono, akasema fundo limelegea, akaenda kulikaza.

Nilimwuliza msichana huyo fundo lile la kifuani linaitwaje. Alinitajia jina la Kirundi ambalo sikulishika vizuri, na kwa Kiswahili sina neno lililo bora kuliko “fundo la kifuani”. Walimu wa Buyenzi, wa Kigoma, wa Uvira na wa Unguja, ikiwa kwenu lina jina lake, naomba mniandikie kupitia jarida hili.