Albamu ya kwanza ya Queen: somo la mkataba kwa wasanii wa Handeni na Korogwe

Wasanii chipukizi wa Handeni na Korogwe hutuletea nyimbo zao wakiomba tuzicheze. Tunapowauliza rekodi hii ni mali ya nani, wengi hukwama.

Historia ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, inaonyesha uzito wa swali hilo. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964.

Queen hawakuwa na fedha za studio. Studio ya Trident ya London iliwaruhusu kurekodi saa ambazo wateja wanaolipa hawapo, mara nyingi usiku. Albamu yao ya kwanza ilitoka Julai 1973, lakini haikuvuma mara moja.

Msaada ule ulikuwa na bei yake. Trident ndiyo iliyoshika mkataba wa bendi. Nyimbo zilipoanza kuvuma mwaka 1974, wanamuziki walilalamika kuwa mifuko yao bado mitupu. Mwaka 1975 walijitoa kwa kulipa pauni 100,000, na kuiachia Trident asilimia 1 ya mapato ya albamu sita zilizofuata.

Rekodi zenyewe hazikuzeeka. Albamu ile ya 1973 ilitolewa upya Oktoba 2024. Mwaka huohuo iliripotiwa kuwa Sony imekubali kununua haki za muziki wa Queen kwa takriban pauni bilioni 1.

Huku kwetu pia msanii asiye na fedha hurekodi kwa mkopo au kwa hisani ya prodyuza. Hilo si kosa, na prodyuza anastahili jasho lake. Hatari ipo kwenye makubaliano ya mdomo: wimbo ukivuma, kila mmoja hukumbuka lake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake, wimbo ni urithi wa watoto kama lilivyo shamba.

Kabla ya kurekodi, andikeni mambo manne: nani ametunga, nani anamiliki rekodi, mapato yatagawanywaje, na mkataba unaisha lini. Sainini mbele ya mashahidi, kila mmoja abaki na nakala, kisha sajilini kazi COSOTA.

Shamba hatuuziani bila karatasi na mashahidi. Wimbo nao ustahili hivyo hivyo.