Waanze na kompyuta pepe, wingu litafuata

Naona wanafunzi tunawapandisha kwenye wingu mapema mno. Mimi huanza na VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta pepe: ni ya bure, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Kompyuta ya memori ya GB 8 inabeba Linux mbili ndogo bila kukwama. Mwanafunzi akifuta faili za mfumo kwa bahati mbaya, tunarudisha hali tuliyoihifadhi, anajaribu tena. Hofu inamtoka palepale. Wala si jambo geni, IBM ilitangaza VM/370, mfumo wake wa kompyuta pepe, mwaka 1972. Akishaelewa hapo, vituo vya wingu la Amazon (AWS) vya Cape Town, vilivyofunguliwa 2020, anaviona vilivyo: seva halisi zinazobeba kompyuta pepe, zinazolipiwa kadiri zinavyotumika. Na bili hiyo tuifundishe siku ya kwanza, kabla kijana hajaacha seva ikiwaka mwezi mzima.