Siri Chini ya Kiti cha Nyuma

Mwezi huu sitaki kuongelea vimada wala meseji za usiku. Mke mwenzangu mimi ni Subaru Impreza WRX ya bluu, na tunakaa naye ndani ya fensi moja. Wenzangu mlioolewa na wapenzi wa magari ya turbo mnanielewa.

Mume wangu alilinunua kabla hajanioa, na sijawahi kuficha kwamba silipendi. Kila akifungua boneti nilikuwa na la kusema: "Umeanza tena na bi mkubwa?" Nilidhani ni utani tu. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Basi bwana, Jumamosi moja tunaelekea Bagamoyo, mtoto kafungwa kwenye kiti chake nyuma. Tulipofika Bunju akaanza kulia, mara akatapika. Nikageuka kumfuta, nikasikia harufu ya petroli. Mume wangu akasema ni lori lililo mbele yetu. Lori likakata kona, harufu ikabaki. Akashusha vioo, akaongeza sauti ya redio. Jamani, mwanaume akiongeza sauti ya redio ujue kuna jambo.

Jumanne akasafiri kikazi. Nikachukua funguo, nikaenda gereji peke yangu. Fundi akachomoa waya wa betri, akainua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko kidogo cha bati. "Shemeji, njoo uone." Juu ya tangi palikuwa pamelowa. Mpira wa kuzuia mafuta yasivuje ulikuwa umekunjamana pembeni, na pampu ya ndani haikuwa ile iliyokuja na gari. "Mzee kafunga mwenyewe?" Nikajibu sijui. Na kweli nilikuwa sijui. Yule fundi akagoma kunipa gari mpaka libadilishwe mpira, na namshukuru mpaka leo.

Akanieleza polepole, nami nawapa kama nilivyoelewa. Turbo inasukuma hewa nyingi kwenye injini. Hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke. Kwa mwendo wa kawaida injini inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ukikanyaga mpaka mwisho, turbo ikipuliza, inataka petroli zaidi: kilo 11 au 12 tu za hewa kwa hiyo kilo moja, maana petroli ya ziada ndiyo inayopunguza joto ndani. Ikipungua, joto linapanda, injini inaanza kugonga, pistoni inapasuka au inatoboka. Hapo mnatafuta injini nyingine.

Nozeli zinazopuliza petroli nazo zina kikomo. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila nozeli ina milisekunde 20 tu kabla zamu yake haijarudi, na mafundi hawapendi ikae wazi zaidi ya kama asilimia 85 ya muda huo. Mume wangu alikuwa kaongeza presha ya turbo, nozeli zikafika mwisho. Akanunua pampu ya lita 255 kwa saa. "Lakini shemeji, pampu kubwa peke yake haisaidii, mlango bado ni uleule mdogo." Nozeli kubwa tulizikuta kwenye boksi lake, chini ya tairi la spea.

Aliporudi nilimwekea ule mpira mezani, kando ya sahani ya ugali. Akaeleza yote. Laki tisa na nusu alizitoa kwenye hela yetu ya kiwanja. Pampu aliifunga usiku niliokuwa kicheni pati, kwa tochi ya simu, akarudishia mpira wa zamani kwa sababu kusubiri maduka yafunguliwe kungemaanisha nirudi nikute kiti kiko nje.

"Mtoto alikuwa amekaa juu ya hiyo siri yako, baba."

Akanyamaza muda mrefu. Akaomba radhi, kisha akauliza kwa upole, "Ningekuambia ukweli mama, ungesema nini?"

Sikuwa na jibu. Ningesema bi mkubwa. Ningesema na mengine. Kosa lilikuwa lake, sitalichukua, lakini nilijiona nami nilivyomfundisha kujificha.

Tukakubaliana hivi. Presha ya turbo ishuke mpaka ya kiwandani mpaka kila kitu kikamilike. Gari lipewe fungu lake kila mwezi, laki moja na nusu, liandikwe kwenye daftari lilelile lenye hela yangu ya saluni. Kiwanja kisiguswe, na alichotoa akirudishe. Nozeli zibaki kwenye boksi mpaka hela ya fundi wa kompyuta ipatikane, maana ukifunga nozeli kubwa bila kupanga upya kontroli boksi, petroli inamwagika kupita kiasi: moshi mweusi, plagi zinalowa.

Ikachukua miezi mitano. Filta mpya ya mafuta, waya mnene wa kupeleka umeme kwenye pampu, geji ya kuonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli, nozeli, halafu fundi na laptop yake. Presha ya turbo ikapandishwa mwisho kabisa. Siku hiyo mume wangu alinipigia simu kazini, ananisomea namba za geji kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Gari bado silipendi, ila nyuma halinuki tena, na ninajua kila kilichomo ndani yake.

Dada zangu, mkimcheka mtu kila siku kwa anachokipenda, hataacha kukipenda, atakifanya mkiwa hampo. Na wewe kaka unayesoma gazeti la mkeo kwa kujificha, nenda kainue kiti cha nyuma. Tukutane mwezi ujao.