Binti Tunamfunda, Mwana wa Kiume Tunamwachia Nani?



Mimi ni fundi cherehani hapa mjini. Bibi harusi akija kupimwa huja na mama, shangazi na somo wake, na kila mmoja ana la kumuusia: uvumilie, umpokee mume kwa uso mkunjufu, usiseme ya ndani. Kisha hufungiwa, apigwe singo, afundwe. Bwana harusi naye? Huja kuchukua kanzu na joho, akaenda zake. Wengi wao hawajawahi kukalishwa kitako na mtu.

Halafu ndoa ikivunjika tunauliza somo kamfundisha nini!

Mashoga zangu, tuseme kweli. Kosa halianzi harusini, linaanza majumbani mwetu. Binti akirudi skuli anafagia, anaosha vyombo, pamoja na sahani aliyolia kaka yake. Kaka yuko Forodhani anapiga makachu. Akimjibu dada yake vibaya tunasema, "Mwache, mwanamme huyo." Mtoto wa miaka saba anasikia, na neno hilo ndilo litakaloingia nyumbani kwa mke wake.

Wako watakaosema chuoni anafundishwa. Anafundishwa, na Allah awalipe mashekhe na maustadhi wetu. Lakini ustadhi ana watoto chungu nzima na saa chache. Kusoma atamsomesha. Namna ya kuomba radhi, kurudisha chenji iliyozidi dukani na kuzungumza na mama yake kwa adabu, anayaona nyumbani au hayaoni kabisa.

Wengine watasema kazi za nyumbani ni za wanawake. Mbona Bi Aisha (r.a.) katueleza kuwa Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani akiwahudumia watu wake, na imepokewa pia kuwa akishona nguo yake mwenyewe? Nani katika wanetu aliye mwanamme kuliko yeye?

Tena fungueni Sura ya 31. Luqman anamuusia mwanawe: asimshirikishe Allah, asimamishe sala, asiwafanyie watu kiburi, apunguze sauti yake. Huyo ni baba, na anayefundwa ni mwana wa kiume. Sisi tumeupata wapi huu mtindo wa kufunda upande mmoja?

Basi tuanze leo usiku. Sahani aliyolia aioshe mwenyewe. Akimkosea dada yake amtake radhi mbele yetu. Na akina baba wasiseme malezi ni ya mama. Kila mchunga ataulizwa alichokichunga.

Na wewe mwari unayesoma haya huku hina haijakauka, usicheke. Inshaallah kesho utapata mwana wa kiume, na yuko binti wa watu atakayemngoja. Samaki mkunje angali mbichi.