Baridi Ndiyo Imechoma Ngazi, Si Jirani



Tumeingia katika miezi ya baridi. Hapa Lubumbashi na katika vijiji vya kandokando, asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba inatulazimisha kufunga vitenge viwili na kumfunika mtoto mgongoni kwa blanketi. Bustani zetu nazo zinaumia. Katika miezi hii, swali moja linarudi kwenye mikutano ya vikundi: "Mti wangu wa ngazi umeungua majani kwa usiku mmoja. Wa jirani ni mzima. Ni nini hii?"

Swali hili si la bustani tu. Wengine wanaliuliza kwa sauti ya chini, maana nyumbani kumeshapatikana jibu: kuna mtu amefanya kitu. Na mtu huyo, mara nyingi, anakuwa bibi mzee wa parseli ya pembeni, mjane asiye na mtoto wa kumtetea. Tunajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Kwa hiyo juma hili tunaeleza namna baridi inavyochoma mti wa ngazi na jamaa zake, kwa nini inachagua parseli moja na kuacha nyingine, na namna ya kuuokoa mti kabla ya kuchukua panga.

Baridi inafanya nini ndani ya mti

Mti wa ngazi ni mtoto wa joto. Unapenda mahali ambapo joto la kawaida ni kati ya digrii 24 na 28, na mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Mche mchanga ukikaa kwenye digrii 15 unaacha kabisa kukua. Sisi Lubumbashi tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Katika mwezi wa saba, usiku wa kawaida unashuka mpaka karibu digrii 7 au 8, na kuna usiku unaoshuka zaidi ya hapo. Hata pasipo barafu, mti unasimama, majani yanageuka manjano, na mizizi iliyopoa inashindwa kunyonya chakula cha udongo.

Usiku mbaya zaidi ni ule ambao maji yanaganda. Mnaujua: asubuhi majani ya dembo yanakuwa meupe kama yamenyunyiziwa unga wa bukari. Jani limejaa maji. Maji yale yakiganda, yanakuwa vipande vya barafu vinavyokausha na kupasua nyama ya jani. Jua likitoka, jani linaonekana kama sombe iliyotiwa maji ya moto: linalegea, linakuwa na rangi ya giza. Baada ya siku chache linakauka na kuwa la kahawia. Ndiyo maana mtu anasema mti umechomwa. Umechomwa kweli, lakini na baridi.

Kwa nini parseli yako na si ya jirani

Hapa ndipo ugomvi unapoanza, basi tuelewane vizuri.

Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi inapoteza joto lake kwenda juu, na hewa iliyo karibu na udongo inapoa. Hewa hiyo inateremka polepole kama maji, inatafuta mahali pa chini, inajikusanya huko. Ndiyo maana dembo linaganda wakati kilima cha karibu hakina kitu. Hata ndani ya kartie moja, parseli iliyo chini kidogo, au ile ambayo ukuta wake unazuia hewa isipite, inakuwa kama beseni la kukusanyia baridi.

Sababu nyingine ni kuta. Matofali yanakunywa joto la jua mchana kutwa na kulitoa usiku. Mti uliopandwa karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana unapata joto hilo. Mti ulio katikati ya uwanja mtupu haupati kitu. Miti nayo inasaidia: ngazi iliyo chini ya mwembe mkubwa imefunikwa, kwa sababu matawi yanazuia joto la ardhi lisipotee lote.

Umri nao una neno. Mche wa mwaka mmoja una moyo wake karibu na udongo, pale baridi inapolala. Mti mrefu umepandisha moyo wake juu.

Basi mama, kabla ya kutaja jina la mtu, fanya jambo moja. Amka mapema asubuhi ya baridi kali, tembea kutoka sehemu ya juu ya kartie mpaka ya chini, ukitazama majani ya ardhini. Utaona mwenyewe mahali weupe unapoanza. Ikiwa mti wako uko upande huo, jibu umelipata. Nenda na shemeji, nenda na mkwe, kila anayesema maneno, waone kwa macho yao. Bibi wa pembeni hana nguvu juu ya hewa inayoteremka.

Mti haujafa mpaka moyo ufe

Mwembe ukikatwa tawi unatoa tawi jingine. Mti wa ngazi si hivyo. Una sehemu moja tu ya kukulia, ndani kabisa ya kilele, pale majani yote yanapotokea. Huo ndio moyo. Moyo ukifa, mti wote umekwisha. Lakini moyo ukiwa mzima, hata majani yote yakikauka, mti unaweza kurudi.

Jamaa zetu wengi wanaishi Texas, Marekani, na wanakumbuka mwezi wa pili mwaka 2021. Mji wa Houston ulishuka mpaka karibu digrii 10 chini ya sifuri. Miti mingi ya bustani ya jamii hii ikawa ya kahawia toka chini mpaka juu. Mingi ilikufa kweli. Lakini mingine, iliyoonekana imekufa, ilitoa majani mabichi joto liliporudi. Aliyekata mara moja hakupata kujua wake ulikuwa upande gani.

Kwetu pia tunaona wafanyakazi wanaopita na panga katika mwezi wa nane wakisema, "Mama, huu umekufa, nilipe niukate." Usiharakishe. Mti uliokuchukua miaka kuukuza unaweza kungojea miezi michache. Upime hivi:

Tafuta jani jipya lililosimama katikati kama mkuki, ambalo bado halijafunguka. Chukua kalamu au kipande cha makala ya kupikia, uchore mstari mmoja unaopita juu ya jani hilo na juu ya shina la jani la pembeni yake. Rudi baada ya majuma matatu. Ikiwa alama ya mkuki imepanda juu ya alama nyingine, moyo unafanya kazi. Katika baridi unaweza kukaa bila kusogea. Basi ngoja joto la mwezi wa tisa na wa kumi, upime tena.

Halafu shika jani hilo la mkuki, ulivute kwa upole. Likishikilia imara, ni habari njema. Likitoka mkononi, na chini yake kuna ubovu wenye harufu mbaya, moyo uko hatarini, lakini bado usikate. Ondoa uchafu uliooza, acha pakauke, kisha weka dawa ya shaba ya mimea inayouzwa katika maduka ya dawa za kilimo. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, rudia mara moja baada ya siku kumi, basi. Shaba ikizidi inadhuru mti. Na kwa sababu tuko katika nchi ya shaba, tunasema wazi: vumbi au mawe ya mgodi si dawa, yasiingie bustanini.

Majani mapya ya kwanza yanaweza kutoka yamekunjamana au yamekatikakatika. Yalijeruhiwa yakiwa bado ndani. Yale yanayofuata yatakuwa mazuri.

Majani ya zamani yasikatwe katikati ya baridi. Hata jani lililoungua nusu linaufunika moyo, na sehemu yake ya kijani bado inaulisha mti. Kata yale makavu kabisa joto likisharudi.

Kazi ya kufanya kabla ya usiku mbaya

Ukiona jioni mbingu ni safi, upepo umetulia, na baridi imeanza mapema, fanya haya:

Mwagilia udongo kuzunguka mti mchana. Udongo wenye maji unashika joto kuliko udongo mkavu. Usimwage maji juu ya kilele.

Tandika majani makavu au nyasi juu ya mizizi, lakini yasigusane na shina.

Mche mdogo ufunike jioni kwa gunia au kitenge chakavu kilichoshikiliwa na vijiti, kifike mpaka chini. Asubuhi jua likipanda, ondoa. Plastiki isiguse majani, maana pale inapogusa jani linaganda.

Moto wa matairi usiwashwe. Moshi wake unadhuru watoto na wazee, na mti haupati faida.

Mti uliolishwa vizuri unavumilia baridi zaidi, hasa ukipata potasi. Sisi tunayo jikoni: jivu la kuni na la makala. Wakati wa mvua, nyunyiza konzi mbili au tatu kuzunguka mche, mbali kidogo na shina, uchanganye na udongo. Usizidishe, na usitumie jivu la mahali palipochomwa plastiki.

Kupanda kwa akili

Vikundi vingine vimetuambia vinataka kutumia pesa za likelemba kununua miche ya ngazi ili kukamua mawese. Tunapenda mpango wa wamama, lakini hatutawaficha ukweli. Baridi yetu, pamoja na karibu miezi mitano isiyo na mvua, inafanya mti wa ngazi uzae kidogo hapa kuliko Kasai au nchi ya chini ya kaskazini. Miti miwili mitatu ya nyumbani, sawa. Shamba la biashara, fikirini mara mbili.

Kuna mbegu zinazovumilia baridi kuliko nyingine. Wataalamu wa Costa Rica walizitengeneza kwa kutumia ngazi za Bamenda, Cameroon, na za Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu Tanganyika, mahali ambapo miti hii imezoea nchi za juu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuzipanda kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya. Mtu akikuuzia mche sokoni na kukuambia ni wa namna hiyo, muulize umetoka wapi, na nani aliuzalisha. Asipojibu, pesa yako ibaki kwenye kitambaa.

Kwa uzuri wa uwanja, chagueni jamaa wenye mwili mgumu. Mkindu ni wa kwetu Afrika, unatoa machipukizi mengi kutoka chini, basi moja likifa mengine yanabaki, na majani yake yanasuka mikeka na vikapu. Mtende nao ukishakomaa unavumilia hata barafu, ingawa kwa mvua zetu usiutegemee kwa tende nzuri. Mnazi ni mtoto wa pwani. Hapa utakusumbua tu.

Na pandeni mvua zinapoanza, mwezi wa kumi na moja. Mche unapata miezi mingi ya kushika udongo kabla baridi haijafika. Anayenunua mche katika mwezi wa sita anaupeleka moja kwa moja kwenye baridi.

Neno kwa vikundi

Tunaomba kila kikundi kisome ukurasa huu kwa sauti katika mkutano, pia kwa wale wasiojua kusoma. Usomwe mbele ya vijana, maana mara nyingi wao ndio wanaotumwa kutupa jiwe. Na kama katika kartie yenu kuna mzee ambaye maneno yameanza kumzunguka kwa sababu ya mti, kuku au mtoto mgonjwa, wamama wawili watatu waende kwake leo, wakae naye uwanjani, watu wote waone. Maneno yanapungua nguvu yakikuta wamama wamekaa hapo.

Ukifika kwake, tazama pia ngazi zake. Labda nazo zimeungua. Mpelekee gunia.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhifadhi mbegu za lenga-lenga mpaka mvua. Mubaki na amani.