Pasi Haifundishwi kwa Foleni

Wengi wetu tunapofundisha kutoa pasi huwapanga watoto katika mistari miwili inayotazamana, wakapelekeana mpira mpaka kengele ilie. Somo hilo huonekana lenye nidhamu, nalo huandikika vizuri katika andalio la somo. Lakini mchezo uanzapo, watoto wale wale humzonga mwenye mpira kama nyuki, naye hamwoni mwenzake aliye peke yake. Kosa hili si la watoto. Ni la mbinu yetu.

Mchezo unaolidhihirisha jambo hili ni magongo ya barafuni. Wachezaji sita wa kila upande huteleza juu ya barafu, wakisukuma kwa magongo kisahani cha raba ngumu katika uwanja wa urefu wa meta 60 hivi. Kisahani kikipigwa hukimbia kuliko mchezaji yeyote. Kwa hiyo timu isiyojua kupasiana huchoka bure.

Anatoly Tarasov, mmoja wa waalimu wa timu ya Muungano wa Kisovieti, alilitambua hilo mapema. Mashindano ya taifa yalipoanza huko mwaka 1946, barafu ya kutengenezwa ilikuwa adimu, na mazoezi mengi yalifanywa nchi kavu. Tarasov alitilia mkazo kazi ya mchezaji asiye na kisahani: ajongee mahali pa wazi, apate kupokea. Timu hiyo ilikuwa bingwa wa dunia kila mwaka tangu 1963 hadi 1971.

Huko Marekani nako, mpango wa kuwalea wachezaji ulioanzishwa mwaka 2009 huwachezesha watoto wadogo katika sehemu tu ya uwanja. Nafasi ikipungua, kila mtoto hugusa kisahani mara nyingi zaidi, tena hulazimika kuinua macho na kuamua upesi.

Sisi hatuhitaji barafu ili kunufaika na mafunzo haya. Chora mraba wa hatua kumi. Weka watoto watatu wapasiane na mmoja awanyang'anye. Wahesabu pasi zao kwa sauti. Wakizoea, ongeza mnyang'anyi wa pili. Mfundishe mtoaji kupeleka mpira mbele ya mwenzake anayekimbia, si alipokuwa amesimama. Halafu simamisha mchezo, uwaulize wasio na mpira: "Ulikuwa wapi, na kwa nini?"

Wako watakaosema kwamba anayeanza hana budi kupitia mistari. Nakubali, mpe dakika tano za kujifunza namna ya kushika na kupiga. Zaidi ya hapo tunamzoesha kungoja zamu.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, utakapokwenda mazoezi ya kufundisha, mchague mtoto mmoja mnyonge, uhesabu ni mara ngapi amepokea pasi katika kipindi chako. Mtoto amalizaye kipindi bila kugusa mpira hakufundishwa; alihudhuria tu.